Shangazi, kila neno linanichoma: si afadhali nijitenge na watu?

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mwanamke wa miaka 31, nimeolewa, nafanya kazi ya ofisini. Tangu utotoni naambiwa nadeka. Mtu akinisemesha kwa ukali kidogo tu, moyo unakwenda mbio na machozi yananitoka, hata kama mwenye kosa ni yeye. Kwenye mikusanyiko ya familia, baada ya muda sauti zinaanza kuchanganyika, taa zinaniumiza macho, mtu akinigusa bega nashtuka. Siku inayofuata sitamani kuongea na yeyote.

Nina rafiki ambaye ndoa yake inayumba. Ananipigia simu kila usiku, wakati mwingine mpaka saa sita. Namsikiliza, lakini tukiagana nabaki na uchungu wake kifuani, na usingizi unaruka. Asubuhi yeye yuko sawa, mimi ndiye mgonjwa.

Mume wangu si mtu mbaya, ila tukikosana kichwa changu kinaganda. Nashindwa kujibu hata neno, naingia chumbani na kujifungia. Yeye anasema namnunia. Kazini nako, msimamizi wangu alikosoa ripoti yangu mbele ya wenzangu wawili nikalia palepale. Sasa kila akiniita tumbo linanikata.

Kilichonifanya niandike ni swahiba wangu wa miaka mingi. Nilimtumia ujumbe mrefu kumweleza kwamba sitaweza kufika kwenye shughuli yake. Akajibu: "Sawa." Neno moja na nukta. Nililisoma lile neno usiku kucha, nikaona wazi amenichoka. Sikumtafuta tena, na sasa ni mwezi wa pili. Nasikia anawaambia watu kwamba nimemtupa.

Nimechoka, Shangazi. Huu ni ugonjwa? Na si afadhali nijitenge tu na watu, nibaki na mume wangu na kazi yangu?

Mwepesi wa Machozi

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba, mwanangu. Pole kwa uchovu huo. Naanza na swali lako la mwisho kwa sababu ndilo lenye hatari: usijitenge. Kila unapomkwepa mtu unapata nafuu papo hapo, na mwili wako unajifunza kwamba kukwepa ndiko kulikokuokoa. Safari ijayo hofu inaamka mapema zaidi, tena kwa jambo dogo zaidi. Ulianza kwa kujifungia chumbani, sasa umefika kwenye miezi miwili ya kimya kwa mtu unayempenda. Kinachokufaa ni kupunguza kipimo cha kelele, watu na huzuni unachobeba kwa wakati mmoja, na kusema mapema, wakati maneno bado yanatoka.

Je, ni ugonjwa? Ulivyojieleza unafanana sana na watu wenye tabia ya kuzaliwa ya kuguswa upesi na kwa nguvu. Wanasaikolojia wa Marekani Elaine Aron na Arthur Aron walichapisha utafiti kuhusu tabia hiyo mwaka 1997, pamoja na dodoso la maswali 27 la kuipima. Mtu wa aina hii hulichambua jambo kwa kina kabla ya kutenda, huzidiwa haraka na kelele, mwanga na umati, huguswa sana na hisia zake na za wenzake, na huona vitu vidogo ambavyo wengine wanavipita. Mwanzoni walikadiriwa kuwa asilimia 15 hadi 20 ya watu. Uchambuzi wa baadaye ukaonyesha makundi matatu: walio wepesi sana kuguswa karibu asilimia 30, wa kati karibu asilimia 40, na wasioguswa kirahisi karibu asilimia 30. Kwa hiyo katika chumba chenye watu kumi, huenda wapo wawili au watatu wanaojikaza kama wewe. Tabia hii haimo katika orodha ya magonjwa ya akili, na si lazima mtu awe mpole au mwenye haya. Wapo wachangamfu wanaopenda watu, nao huzidiwa vilevile.

Kuna upande wa pili ambao sidhani umewahi kuambiwa. Michael Pluess, mtafiti aliyefanya kazi kwa miaka mingi Uingereza, pamoja na wenzake, wameonyesha kwamba watu hawa huumizwa zaidi na mazingira mabaya, lakini pia hunufaika zaidi kuliko wengine wakipata mazingira mema. Ndiyo maana kujitenga kungekugharimu wewe kuliko kunavyomgharimu mtu mwingine: ungejikinga na maneno makali na wakati huohuo ukajinyima vile vinavyokujenga.

Ila pima hili. Kama wepesi huu ungekuanza ukubwani, ghafla, baada ya msiba, kujifungua, kupigwa au kutishwa, ningekuambia umwone daktari kwanza. Tezi ya shingo ikifanya kazi kupita kiasi humfanya mtu awe na wasiwasi na moyo wa kwenda mbio, na kukosa usingizi kwa muda mrefu humfanya yeyote awe mwepesi wa kulia. Vilevile tabia ya kuzaliwa inaweza kukaliwa juu na sonona au ugonjwa wa wasiwasi. Ukiona majuma mawili mfululizo huna raha na kitu chochote, hulali, huli vizuri, au unawaza kwamba ni heri usingekuwepo, hayo hayangoji safu ya ushauri. Nenda kwa daktari au mtaalamu wa saikolojia.

Sasa twende kwa swahiba wako, maana huyo anaumia wakati huu tunapozungumza.

Wewe uliona kitu cha kweli: jibu lake lilikuwa fupi kuliko ulivyotarajia. Macho yako hayakukosea. Kilichokosewa ni maana uliyoipa ile nukta, kwa sababu hukuipima popote. Hapa ndipo watu wepesi wa kuguswa wanapoteleza zaidi, na wanateleza kwa kuwa wamezoea kuwa sahihi. Mtu aliyegundua mara nyingi kwamba mwenzake amebadilika kabla hajasema, huanza kuamini kwamba anajua pia kwa nini amebadilika. Kuona badiliko na kujua chanzo chake ni mambo mawili, na hilo la pili hakuna anayelijua bila kuuliza.

Chukua karatasi, uigawe sehemu tatu kwa mistari miwili. Upande wa kwanza andika kile ambacho hata kamera ingekinasa: "Saa mbili usiku. Neno moja, Sawa, na nukta." Hapo usiandike "alijibu kwa dharau", kamera haioni dharau. Katikati andika ulichojiambia: amenichoka, nimemharibia siku, hanitaki tena. Upande wa tatu andika angalau maelezo mengine matatu yanayowezekana, hata kama huyaamini: alikuwa na watu wakati anajibu, alikuwa amechoka na maandalizi, alihuzunika kwa kuwa alitamani sana uje. Kisha rudi kwenye ujumbe wake wa zamani, usome kumi hivi uliopita. Je, ni kawaida yake kumaliza na nukta? Je, ameshawahi kukujibu kwa neno moja siku ambayo mlikuwa mnapatana kabisa? Zoezi lote halizidi dakika kumi na tano. Lifanye mchana. Usiku ukiwa umechoka, safu ya katikati itajaa na ya tatu itabaki tupu.

Baada ya hapo unauliza, mara moja, ndani ya siku moja, bila kushtaki: "Jana nimeona umejibu kwa kifupi. Kuna jambo, au ulikuwa na shughuli nyingi?" Akikuambia hakuna kitu, lipokee jibu hilo. Ukiuliza mara tatu ("una hakika?", "hujakasirika kweli?") unamgeuza kuwa mtu wa kukutuliza kila siku, naye ataanza kukukwepa kwa sababu hiyo, na utadhani ulikuwa sahihi tangu mwanzo.

Hilo ni kwa siku zijazo. Kwa sasa muda umepita, kwa hiyo swali halitoshi. Panahitajika kuomba radhi. Andika mfano wa huu:

"Swahiba, hujambo? Nimekuwa kimya miezi miwili na wewe hukunikosea. Nilipopata jibu lako nilidhani umenikasirikia, nikaogopa kukuuliza. Nisamehe kwa kukuacha hivyo. Shughuli yako ilikwendaje? Natamani tuonane Jumamosi, sisi wawili tu, tutembee kidogo."

Angalia kilichomo na kisichomo. Unaomba radhi kwa ulichofanya, yaani kimya, wala si kwa jinsi ulivyoumbwa. Sababu ni moja na ni fupi. Humwambii "ungejibu vizuri haya yasingetokea". Na unampa kitu cha kujibu, siku na jambo la kufanya. Nimesema kutembea kwa makusudi: mkiwa bega kwa bega hulazimiki kuusoma uso wake kila sekunde, na mwendo wenyewe unausaidia mwili kutulia.

Mkikutana jiandae kumkuta amekasirika. Ana haki. Mwache amalize, kisha sema, "Umeumia, na ni mimi niliyekuumiza." Machozi yakija, usipigane nayo wala usiyafanye yawe ndiyo mazungumzo. Mwambie, "Machozi yangu yana haraka, endelea tu, nakusikia." Jambo baya linalotokea hapa ni aliyeumizwa kujikuta anambembeleza aliyemuumiza. Likitokea, ataondoka na uchungu wake uleule, na safari ijayo hatakuambia kitu.

Asipojibu ujumbe, subiri wiki, umpigie simu mara moja mchana. Akinyamaza bado, mwache apumue. Kumtumia ujumbe wa tatu na wa nne ni kumdai msamaha.

Sasa huyu rafiki wa usiku. Mwanangu, unampa kitu ambacho hakimsaidii kadiri unavyofikiri, na wewe kinakumaliza. Unapomsikiliza unajiweka katika chumba chake, unaona anachokiona, mwili wako unaumia kana kwamba ndoa inayoyumba ni yako. Watafiti Tania Singer na Olga Klimecki walilichunguza jambo hili. Watu waliozoezwa kuhisi maumivu ya mwenzao kama yao walizidi kuwa na hisia mbaya. Walipozoezwa baadaye kumwonea huruma mwenzao kwa kumtakia mema kwa moyo, hisia njema zilirudi, ingawa waliendelea kuona mateso yaleyale. Kwa hiyo akianza kulia, badala ya kujiuliza "ingekuwa mimi?", sema kimoyomoyo: "Haya ni yake, nami nipo naye. Mola ampe nafuu." Linaonekana dogo. Lijaribu kabla hujalipuuza.

Halafu angalia mnavyozungumza. Nadhani unampokea ukiwa umelala, taa imezimwa, sauti yake iko ndani ya sikio. Katika hali hiyo hakuna kingine duniani ila sauti ya mtu anayelia. Kaa kitako, miguu yote miwili sakafuni, taa iwake, simu uishike mbali kidogo na sikio. Vuta pumzi kwa hesabu ya nne, itoe kwa hesabu ya sita, mara tano au sita, huku yeye anaongea, hatajua. Pumzi inayotoka taratibu kuliko inavyoingia hupunguza mwendo wa moyo. Dakika chache za mwanzo muulize: "Leo unataka nikusikilize tu, au tutafute la kufanya?" Wengi hawajawahi kuulizwa hivyo, na swali hilo huyafupisha mazungumzo kwa sababu mnajua mnachokitafuta. Mkimaliza, simama ufanye kazi ya mikono dakika kumi: osha vyombo, kunja nguo. Kumsimulia mume wako habari yote upya ni kuupokea uchungu ule mara ya pili.

Lakini bila mpaka wa saa, hayo yote hayatoshi. Mwambie mchana, siku ambayo hajaanza kulia: "Nataka niendelee kuwa nawe katika hili. Simu za usiku zinaninyima usingizi. Tuzungumze Jumanne na Ijumaa, saa kumi na mbili jioni, nusu saa." Ishia hapo. Ukiongeza maelezo kuhusu afya yako, kazi yako na wepesi wako, kila sababu anaweza kuijibu ("basi leo dakika tano tu"), na mtajikuta mnajadiliana.

Wiki ya kwanza atapiga usiku, huenda mara nne. Hapa ndipo watu wanapoharibu. Usipopokea mara tatu halafu ukapokea ya nne, umemfundisha kwamba kupiga mara nne kunafaa, na kesho atapiga tano. Mtumie ujumbe mmoja, "Nimeona simu yako. Tutaongea Ijumaa saa kumi na mbili," kisha uzime mlio. Ijumaa ikifika, wewe ndiye unayempigia, dakika ileile uliyosema. Mpaka wako utaaminika kwa sababu ahadi yako inatimia. Dhamiri itakusuta, na utatamani kumlipa kwa saa mbili za Jumamosi, usimlipe.

Pana jambo moja linalovunja mpaka huo. Akisema anataka kujidhuru, au anapigwa, pokea simu saa yoyote, muulize waziwazi kama anafikiria kujiua (kuuliza hakumtii wazo hilo kichwani), usimwache peke yake, na usilibebe jambo hilo wewe pekee. Waite ndugu zake na mfikisheni kwenye msaada wa kitaalamu usiku huohuo.

Kwa mume wako nina neno moja gumu na moja jepesi. Gumu ni hili: hata kama hukusudii kununa, yeye aliyebaki upande wa pili wa mlango anachokiona ni mlango uliofungwa. Wepesi wa kuguswa hauufanyi mlango huo uwe mzuri kwake. Na usiutumie kamwe kama sababu ya yeye kutosema linalomuudhi; nyumba ambamo mtu mmoja hathubutu kunung'unika kwa kuogopa machozi ya mwingine haina usawa.

Jepesi ni kwamba kuganda kwako kunajulikana na kuna dawa. John Gottman, mtafiti wa ndoa wa Marekani, aliwapima wanandoa mapigo ya moyo wakiwa katika mabishano. Mapigo yakivuka 100 hivi kwa dakika, mtu hasikilizi tena vizuri wala hafikiri vizuri. Anajitetea, anashambulia au ananyamaza. Weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba, hesabu kwa sekunde 15, zidisha kwa nne. Ukipata 25 umefika mia. Siku mnapopatana, kubalianeni hivi: yeyote akifika hapo anasema, "Nimezidiwa, nipe nusu saa, nitarudi saa tatu kamili." Mapumziko yasipungue dakika 20, kwa sababu mwili hautulii mapema zaidi ya hapo. Aliyeomba mapumziko ndiye anayetaja saa ya kurudi, na ndiye anayerudi kumtafuta mwenzake. Kutoka bila kutaja saa ndiko anakokuita kununa, na simlaumu.

Ndani ya dakika hizo usiifanyie mazoezi hoja yako. Ukikaa kitandani ukipanga utakavyomjibu, moyo unabaki juu na nusu saa inapotea bure. Tembea, nawa uso, pumua nilivyokueleza, soma kitu kisichohusiana. Ukirudi anza na sentensi moja kuhusu jambo moja: "Uliponyanyua sauti nilishindwa kufikiri, suala la fedha bado nataka tulimalize."

Na unapomweleza mume au mtu mwingine jinsi ulivyo, usiishie kwenye "mimi naguswa haraka". Atasikitika na hatajua afanye nini. Mpe ombi analoweza kulitimiza leo: zima televisheni tukizungumza mambo mazito, nipe taarifa siku moja kabla wageni hawajaja, ukichelewa nitumie ujumbe. Ombi moja kwa wakati mmoja.

Mikusanyiko nitaipitia haraka, maana inatengenezeka. Fika mapema, watu wakiwa wachache, ili masikio yazoee kelele ikiongezeka kidogokidogo. Anayefika katikati anaipokea yote kwa mkupuo. Usikae katikati ya chumba wala karibu na spika. Tafuta pembe, ukuta uwe mgongoni. Ukipewa kazi ya mikono ya kukutoa nje mara kwa mara, ipokee. Ukiingia tu mwambie mwenyeji utaondoka saa ngapi, ili kuondoka kwako kusiwe habari. Jipime kila nusu saa, sifuri hadi kumi. Sauti kuchanganyika na kushtuka ukiguswa, hiyo ni nane au tisa, umeshachelewa. Tano zako zinaonekana mapema: taya zimebanwa, unajibu kwa neno mojamoja, unaangalia saa. Ukifika tano toka nje dakika kumi, bila simu. Usipange jambo jingine la watu jioni hiyo, na kesho yake acha nusu siku tu ya utulivu. Siku nzima kitandani huifanya safari ijayo iwe nzito zaidi.

Imebaki ofisi. Usisubiri msimamizi akuite; mwendee wewe, siku ya kawaida, umwombe jambo moja: "Naomba maoni kuhusu ripoti zangu unipe tukiwa wawili, au kwa maandishi kwanza ili nije nimejiandaa. Nayafanyia kazi vizuri zaidi hivyo." Wasimamizi wengi hukubali, kwa kuwa umelifungamanisha na kazi. Akikukosoa, shika kalamu uandike maneno yake kama alivyoyasema, bila kuyatafsiri. Mkono ukiandika, macho yana pa kukaa na kichwa kina kazi. Kisha uliza, "Nipe mfano wa sehemu moja ungependa ibadilike." Lawama ya jumla ("ripoti haieleweki") ndiyo inayochoma, mfano ("jedwali la ukurasa wa tatu halina jumla") unarekebishika. Usijitetee papo hapo. Mwambie utamletea majibu kesho saa nne, uondoke.

Jioni soma ulichoandika. Weka alama kwenye kila sentensi inayoweza kurekebishwa, na piga mstari kwenye ile uliyoiongeza wewe mwenyewe kichwani ukiwa njiani kurudi kwenye kiti chako. Kesho saa nne mpelekee marekebisho mawili yaliyokamilika, hata kama alitaja matano, umwambie mengine yatakuwa tayari lini.

Usianze yote kwa pamoja. Wiki hii ni ujumbe kwa swahiba na karatasi ya sehemu tatu. Wiki ijayo saa za rafiki yako, na hizo uzishike wiki nne kabla hujaamua kama zinafaa, kwa sababu mbili za mwanzo ndizo ngumu. Mapatano na mume yafanyeni siku yoyote mtakayokuwa na furaha. Ofisini nenda ukiwa umelala vizuri usiku mmoja au miwili, simu za saa sita zikiwa zimekoma.